Mhitimu Aliyeshika Futikamba

Katika Ufalme wa Bonde hakukuwa na mhitimu asiye na kazi. Ndivyo ilivyoandikwa juu ya lango la Chuo Kikuu, na Mfalme Simba alipenda kusoma maandishi makubwa. Kando ya lango palikuwa na Ofisi ya Mafanikio ya Wahitimu. Mkuu wake alikuwa Fisi, aliyeanza kucheka kabla hujamwambia shida yako.

Kila mwaka Mfalme alipita kuona matunda ya elimu. Siku hiyo Fisi aliwaita wahitimu waliokaa nyumbani, akawagawia makoti meupe na kofia ngumu, akawapanga kando ya njia. Msafara ukipita, walichimba, walipima, waliwapima homa wagonjwa wa kukodi. Vumbi likitua, vifaa vilirudi stoo na wahitimu walirudi kwa mama zao.

Binti Nyegere alisomea madaraja miaka minne, kisha akamenya viazi vya mama yake miaka mitatu. Mwaka huo alipewa futikamba, akasimamishwa kwenye daraja la mto. Wenzake waliigiza. Yeye akapima. Aliingia chini ya daraja, akakwangua nguzo kwa kucha, na unga ukammwagikia usoni. Mchwa walikuwa wamezimaliza.

"Bwana Mkubwa, daraja hili litaanguka," alimwambia Fisi.

"Mwanangu, umepewa futikamba uishike. Nani kakutuma upime? Haya, tabasamu, mpiga picha huyo."

Mama Nyegere aliposikia, alivua aproni, akamshika bintiye mkono, wakaenda barazani kwa Mfalme. Hakuzunguka mbuyu.

"Mtukufu, daraja limeoza. Wiki ijayo ni mahafali, na wazazi wote watapita pale."

Simba akamgeukia Fisi. "Limekaguliwa?"

"Limekaguliwa, Mtukufu. Tena na mhitimu wetu." Fisi akainua picha: Binti Nyegere, kofia kichwani, futikamba mkononi.

"Si wewe huyu?" Simba akamuuliza binti.

"Ni mimi, Mtukufu, lakini..."

"Basi, mama, mbona unamharibia mwanao kazi yake?"

Kiboko, mjumbe wa baraza wa siku nyingi, alicheka mpaka chai ikamwagika. "Wazazi wa siku hizi! Mtoto hana kazi, kelele. Kapata kazi, kelele."

"Kazi gani, mzee? Hata kofia mmeshampokonya."

Wakatolewa nje.

Siku ya mahafali, mama na binti walisimama mbele ya daraja, mikono wameitandaza. Askari wakawaburuta pembeni. Swala, pundamilia na tumbili wakapanda darajani na mashada ya maua, wakiimba. Wimbo haukufika mwisho. Mto ulichukua wazazi arobaini na mmoja.

Tume iliundwa asubuhi, ikamaliza kazi mchana. Aliyekagua daraja alijulikana, picha yake ilikuwepo. Binti Nyegere akapewa miaka ishirini na kazi ngumu.

Mwezi uliofuata Mama Nyegere alipeleka chakula gerezani, akaambiwa wafungwa wako mtoni wanajenga daraja jipya. Alimkuta mwanawe amebeba jiwe begani. Juu ya ukingo alisimama mpwa wa Fisi, kofia ngumu kichwani, ameishika futikamba kinyume.

"Mama, nguzo ni za mti uleule."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Wakaniongezea mawe."

Mama akamlisha viazi kwa mkono, maana mikono ya binti haikuwa na nafasi.

Akirudi, alipita langoni pa Chuo. Wahitimu wapya walipanga foleni dirishani kwa Fisi, wakichagua makoti yanayowatosha. Ukutani, kwenye orodha ya mafanikio ya mwaka, mchora mabango alikuwa anamalizia mstari:

*Binti Nyegere. Uhandisi wa Madaraja. Ameajiriwa: Serikali Kuu, mkataba wa miaka ishirini.*

Rangi ilikuwa bado mbichi. Mama Nyegere akaifuta yote kwa kiganja.

"Mama, usijichafue," mchora mabango alisema kwa upole. Akachovya brashi, akaanza upya.