Shavu la Kushoto

...na kioo hiki ni kizito kuliko nilivyodhani, daktari amesema nijitazame kwanza, ndivyo afanyavyo kazi yake, humaliza upande mmoja akasimama, akampa mtu kioo aone mwenyewe kabla hajagusa wa pili, nami nimekishika na bado natazama dari, natazama taa, natazama glavu zake, kila kitu isipokuwa uso nilioujia... haya, tazama basi, mtu mzima ovyo, na ninatazama, na Mungu wangu, limerudi, shavu la kushoto limerudi, limejaa, lile lile lililonipa jina, Mashavu, mama alianza kuniita hivyo akinibeba mgongoni na mtaa mzima ukafuata, na kumbe ni jeli kidogo tu, nimeiona ndani ya bomba la sindano, ute usio na rangi, daktari alinieleza taratibu huku akinipaka dawa ya ganzi kwamba kitu chenyewe mwili hujitengenezea, hushika maji chini ya ngozi na kuiinua, umri ukienda mwili hukipunguza na uso unabonyea, akasema haidumu, baada ya miezi kadhaa huyeyuka yenyewe, na nisipoipenda ipo dawa ya kuiyeyusha, nitavimba kidogo, labda nitavilia damu, lakini nikisikia maumivu makali au ngozi ikipauka nimwambie hapo hapo maana huenda mshipa umeziba, nami nikaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, na nililotaka kumuuliza sikuliuliza, je, mama atanijua... kwa sababu mama hanijui, hilo tu, urembo nautakia nini, kaka yangu alicheka akasema utu uzima dawa, dada, na wewe unautafutia dawa, nikamwacha acheke, yeye mama anamjua, hajabadilika kitu ila kitambi, mimi ndiye niliyekonda uso nikawa bibi mtupu, bibi mzaa mama, mabonde yale yale chini ya macho, mikunjo ile ile kando ya mdomo, na akili ya mama inazidi kurudi nyuma, kwa hiyo nikiingia chumbani kwake na beseni la maji ananyoosha mikono, 'Mama, umekuja,' ananiambia mimi, binti yake wa kumzaa, na nikimwambia ni mimi, Mashavu, anatabasamu kwa adabu kama anavyomtabasamia mgeni, anasema Mashavu ni mtoto, yuko nje anacheza... mtoto kwa mama hakui, wanasema, basi kwangu msemo umepitiliza, ndiyo nikaja hapa nirudishiwe mashavu, aniite jina langu huku akinitazama mimi, mara moja tu, inauma kuwa hai na kutafutwa mbele ya macho yako mwenyewe...

daktari anauliza kama nasikia maumivu, nasema hapana, nusu ya mdomo ina ganzi na neno linatoka limepinda, nageuza kioo, kushoto Mashavu, kulia bibi, wawili juu ya shingo moja, sijawahi kuona kitu kama hiki, mama alitoka kwa huyu akamzaa huyu, na yeye mwenyewe ndiye asiyeonekana hapa, yuko katikati, pale puani labda, na nataka kucheka na siwezi, nusu ya uso haicheki... na jana, ngoja, jana nilipokuwa namkausha miguu alinishika mkono akanong'ona, 'Mama, Mashavu amekula?' nikasema amekula, 'Ameshiba?' nikasema ameshiba, akafumba macho akalala, nami nikaenda jikoni nikalia kwamba nimesahauliwa, mjinga mimi, kusahauliwa gani huko, mtu haipiti siku hajaniulizia kama nimeshiba, na anamuuliza yule anayemwamini kuliko watu wote, na yule ni mimi, nikiingia kesho na mashavu mawili atamuuliza nani, na nani atamwogesha, maana mbele ya mtoto wake angeona haya, angejifunika shuka hadi kidevuni, ni kwa mama yake tu ndiko anakonyoosha mikono... Ee Mungu, nilikuja kuufuta uso ambao mama anautegemea, na nusu yake bado ipo, imebaki hivi hivi kwa sababu tu daktari huyu ana desturi ya kusimama katikati...

'Tuendelee upande wa pili, mama?' anauliza, sindano iko tayari mkononi, na kioo bado nimekishika, taa ile ile, glavu zile zile, hajui kwamba nimeshakaa kitandani kwa mama, kesho asubuhi, beseni miguuni, nimempa shavu la kulia ananyoosha mikono bila haya, namwogesha, namkausha, namlisha, na akishatulia akiuliza Mashavu yuko wapi, nitageuza uso.