Tumbo la Gari

Yunusi alilala chali kwenye tope akachungulia chini ya gari. Magurudumu yote manne yaligusa ardhi kwa shida, yananing'inia kama miguu ya mtoto aliyekalishwa kwenye kiti cha mkubwa. Uzito wote ulikuwa tumboni. Matrekta yalikuwa yamechimba mifereji miwili kwenye kivuko cha korongo, na katikati likabaki tuta la udongo mgumu. Gari jipya la mradi lilikuwa limekalia tuta hilo.

"Vipi, mzee?" Valentina aliuliza kutoka juu ya ukingo. Alikuwa daktari wa mifugo, umri wa binti wa tatu wa Yunusi, na kasha la chanjo alikuwa ameliweka kivulini, amelifunika kwa kitenge.

"Tumbo limekaa. Barafu ikoje?"

Alifungua kasha kidogo, akasoma kipimajoto, akafunga haraka. "Nyuzi tano. Zikizidi nane, chanjo zote ni za kumwaga."

Ilikuwa saa tano asubuhi, mwezi wa tatu, na jua la baada ya mvua lilikuwa kali. Walikuwa wameshakipita kijiji cha Mandawa. Ng'ambo ya korongo, mwendo wa saa nzima kwa miguu, wafugaji wa kambi tatu walikuwa wamezuia mifugo yao zizini tangu alfajiri. Ugonjwa wa chambuti ulikuwa umeua ndama kumi na mmoja ndani ya wiki mbili. Ndama analala mzima, asubuhi paja limevimba, jioni ni mzoga. Chanjo nyingine zisingefika kabla ya mwisho wa mwezi.

Yunusi aliinuka, tope likimtiririka mgongoni. Miaka ishirini na saba aliyoendesha gari Nachingwea na Ruangwa hakuwahi kumshusha abiria atembee. Korongo hili alilijua. Kwa Land Cruiser ya zamani ya mradi, ile yenye mkonga wa kuvutia hewa juu, angeweka gia nzito, akaondoa mguu kwenye klachi, na gari lingetambaa lenyewe, jiwe kwa jiwe, huku yeye akishika tu usukani. Lilinuka dizeli, lilitikisa figo za watu, lakini lilisimama juu. Sasa lilikuwa nyuma ya ofisi, tairi zimelala, likisubiri mnada kwa sababu linakunywa mafuta.

Hili jipya lilikuwa jeupe, viti vya ngozi, na skrini ya kamera ya nyuma. Gia nzito halikuwa nayo. Leo alikuwa amejaribu kupitisha magurudumu ya kushoto juu ya tuta na ya kulia ukingoni, kama alivyofanya siku zote kwenye mifereji mirefu, lakini tairi za lami ziliteleza zikadumbukia. Hapo akakanyaga mafuta avuke kwa kasi. Alijua ni kosa wakati mguu unashuka. Lakini gari ambalo halitambai, utalivushaje?

Alipanda kichuguu kutafuta mtandao, akampigia mratibu wa mradi.

"Bonyeza kile kitufe cha four-wheel," mratibu alisema.

"Nimebonyeza, bosi. Tairi hazina cha kushika. Hili gari liko chini."

"Si ina four-wheel kama ile nyingine? Kanyaga mafuta, Yunusi."

"Nikikanyaga linapasua sampo ya oili kwenye mawe. Nilisema siku ile lilipokuja. Nilisema tumbo liko chini."

"Dereva mzuri hachagui gari," mratibu alisema, kisha akakata.

Yunusi alibaki ameshika simu. Kwa kweli hakuwahi kuchagua. Siku gari lilipoletwa walimwita aweke saini ya kupokea funguo. Alipotaja tumbo, watu wa ofisini walicheka, mmoja akamwambia mzee anapenda vitu vya mkoloni. Alicheka nao. Hilo ndilo lililomuuma sasa, kwamba alicheka nao.

Alichimba. Alianza kwa jembe, na mpini ulipolegea akatumia mikono. Saa sita na nusu alikuwa ametoa udongo wa kujaza toroli mbili, na gari lilikuwa limeshuka upana wa kidole. Kipimajoto kilisoma sita.

Ndipo Luka alipotokea ng'ambo na tela la ng'ombe wawili. Alikuwa mfugaji wa kambi ya kwanza, mrefu, aliyehamia kutoka kanda ya ziwa miaka mitatu iliyopita. Alikuwa ameona jua linapanda, wageni hawafiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Yunusi hakumtazama sana. Mwaka jana ng'ombe, wa nani hajui, waliingia shamba la ufuta la dada yake Faudhia kule Malolo, na hakuna aliyelipa.

Luka alizunguka gari, akapiga bodi kwa kidole. "Tuvute. Hawa wawili wanang'oa visiki. Ndoano iko wapi?"

Gari la zamani lilikuwa na ndoano ya chuma mbele. Hili lilikuwa na kitundu chenye kifuniko cha plastiki, na ndoano yake ilipaswa kuletwa kutoka kwenye vifaa na kukazwa pale. Yunusi alitoa mizigo yote, akainua zulia la buti. Mfuko wa vifaa ulikuwa na spana moja na kitabu cha maelekezo. Ndoano haikuwamo.

Walifunga mnyororo kwenye bampa. Ng'ombe waliinamisha shingo, wakavuta, na bampa likatoka zima, taratibu, likaburuzwa kwenye tope likiwa na namba yake ya usajili. Gari lilibaki pale pale.

Hakuna aliyecheka. Luka alifungua mnyororo, akaegemeza bampa kwenye ukingo kwa uangalifu, kama chombo cha mtu.

"Nyuzi sita na nusu," Valentina alisema.

Yunusi alilitazama kasha, akalitazama gari. Dereva haachi gari. Hata wanafunzi aliowafundisha udereva aliwaambia hivyo. Alizima taa, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akafunga milango.

"Kasha lipakie kwenye tela," alisema.

"Tela linarusha sana, mzee. Chupa zitavunjika," Valentina alisema.

"Nitalipakata."

Alikaa kwenye mbao, miguu imetanuka, kasha mapajani, Valentina pembeni. Njia ilipanda kwenye miamba ambayo gari jipya lisingeifikia hata kwa maombi. Magurudumu ya tela yalikuwa makubwa na membamba, yakakata tope hadi chini kwenye ardhi ngumu, na ng'ombe walitembea mwendo wao ule ule, mteremko na mlima. Kila tela liliporuka, Yunusi alijiinua kwa magoti ili mshtuko uishie mwilini mwake. Kiuno kiliwaka moto. Alitaka kumwelekeza Luka ashike kushoto kwenye jiwe kubwa, lakini Luka alikuwa ameshashika kushoto.

Walifika saa nane kasoro, nyuzi saba na nusu. Ndama mmoja alikuwa amekufa asubuhi hiyo, amefunikwa matawi. Valentina hakunawa hata uso. Alianza kuchoma sindano, Luka akiwasukuma ndama kwenye ujia wa miti, na Yunusi, aliyekuwa hana kazi, akajikuta anawashika vichwa. Hakuwahi kushika ndama. Walikuwa na joto, na mioyo yao ilidunda kwenye viganja vyake.

Walikuwa wamebakiza kama arobaini ngurumo iliposikika upande wa juu wa korongo. Wingu lilikuwa limeshashuka huko, jeusi hadi chini. Baada ya muda mfupi wote walisikia maji, mbali, sauti ya kama magunia yanayoburuzwa sakafuni.

Valentina alisimama na sindano mkononi. "Mzee. Gari."

Yunusi aligeuka kutazama walikotoka. Vichaka tu, na mvuke. Alihesabu mwendo wa kurudi, saa nzima kwa miguu, na zaidi kwa mtu mwenye kiuno kama chake.

"Barafu imebaki kiasi gani?" aliuliza.

"Kidogo."

Alipangusa viganja kwenye suruali, akainama, akamshika kichwa ndama aliyefuata. Alikuwa mwekundu, mwenye doa jeupe puani, akirusha miguu. Yunusi alimkumbatia shingo hadi akatulia.

"Choma," alisema.

Matone ya kwanza yalianza kuanguka kwenye migongo ya ng'ombe, mazito, moja moja, yakiacha alama nyeusi kwenye vumbi la manyoya.