Umbali wa Gauni Moja

Mama yangu ni fundi cherehani, na saa ya ukutani kwake ni pambo tu. Muda anaupima kwa nguo. "Rudi baada ya suruali mbili," humwambia mteja, na mteja akirudi anakuta kazi yake imeshapigwa pasi.

Dada yangu alipokaribia kujifungua huko ng'ambo, akamtaka mama. Tukashauriana kwa simu, mimi na dada. Ni kilomita elfu kumi, saa kumi na tatu angani bila kutua. Miaka sita tulikuwa tukimwambia mama kwamba huko ni mbali mno, hataweza, atulie tu nyumbani. Tukiusema ukweli sasa, hatoki. Basi nikamwambia kwa ndege mpya za siku hizi safari ni blauzi moja, tena isiyo na mikono.

"Blauzi tu?"

"Blauzi tu, mama."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale langoni pa kupandia ndege. Mama alimuuliza binti aliyekuwa akikagua tiketi, "Mwanangu, tutakiwahi chakula cha mchana huko?"

Binti akacheka. "Mama, cha mchana utakula angani. Na cha usiku vilevile. Ni saa kumi na tatu!"

Mama akanigeukia, akanitazama juu ya miwani. Akisema haendi, hakuna wa kumpandisha, na dada yangu atajifungua peke yake, anilaumu mpaka mtoto aote ndevu.

"Saa kumi na tatu," akasema polepole. "Hilo ni gauni la harusi."

"Nisamehe, mama. Tuliogopa utakataa."

"Hebu nyamaza." Akahesabu kwa vidole: kukata, kushona, kutia pindo. "Gauni moja! Gauni mimi nalimaliza kwa siku, sijainuka kitini. Na nyinyi miaka sita mnaniimbia mbali, mbali. Nalia jikoni kama niliyefiwa, kumbe mwanangu yuko gauni moja tu kutoka hapa?"

Sisi tulidhani tunamhurumia.

"Mbali ni alikokwenda baba yenu," akasema, na sauti ikamkatika kidogo. "Huko hakuna wa kunikatia tiketi. Lakini huku kunafikika, na hamkuniambia!"

Foleni nzima ilikuwa ikinitazama mimi. Mama akanivuta sikio, mimi mwenye kipara na watoto wawili, akalizungusha barabara kama zamani.

"Haya, twende. Na kurudi utarudi peke yako. Mimi nakaa mpaka mjukuu anijue sura."

Akampa binti tiketi yake na kuingia ndani bila kunisubiri. Nikamfuata mbio na mikoba yote miwili, nikicheka, sikio likiniwaka moto.