Mtego wa Neno Sale

Kwani sisi watu wa Sale tumekosa nini? ndivyo alivyouliza Nasha kwenye simu, na Namelok, dada mtu, bingwa wa midahalo chuoni, akabadili mazungumzo, na sasa swali limerudi lenyewe hapa Karatu, katikati ya somo la kutengeneza tovuti, kwa sababu kioo cha kompyuta ya Isaya, jirani yake darasani, kimemwandikia maneno yaleyale aliyojibiwa Nasha, Samahani, hujakidhi vigezo... haiwezekani, ngoja arudie, Mwalimu Germana amesema jaribuni kazi ya jirani, ingizeni majibu tofauti muone sharti linawapeleka wapi, likiwa kweli ukurasa unafanya hivi, lisipokuwa kweli unafanya vile, haya, kata anakotoka mwombaji, Baray, Karibu, tumepokea maombi yako, Endamarariek, Karibu, kwao Isaya huko, Sale... Samahani, umri uleule, alama zilezile, jina lilelile la kubuni, kata tu imebadilika, kumbe kwenye mdahalo Namelok alisema kweli, alisimama mbele ya ukumbi mzima akasema wafugaji kama wao hawatakiwi kwenye kazi za utalii, wapinzani wakacheka, wakataka ushahidi, ushahidi ndio huu, na aliyeutengeneza amekaa hapa anatafuna karanga, Isaya, anayemwita shemeji kwa utani, aliyetamba wiki nzima kwamba chuo cha waongoza watalii kimempa kazi ya ukurasa wao wa maombi, Nasha ameomba hapo mara mbili, akajibiwa kabla hajashusha simu, akalalamika, dada, hata hawajasoma, akaacha kukariri majina ya ndege, akairudisha darubini ya kuazima kwa mwenyewe... nionyeshe mistari yako ya programu, anasema Namelok, sauti kavu, na Isaya anasogeza kiti, anaeleza kwa maringo kwamba pale juu ameweka mtego, matangazo ya biashara yalikuwa yanaujaza ukurasa, viatu, simu, saa, yote kwa Kiingereza, kwa hiyo anageuza herufi zote ziwe ndogo kama Mwalimu alivyofundisha, kisha if, lile sharti lenyewe, likionekana popote neno la matangazo, mtu anatupwa nje, na jibu la kumtupa ni lilelile la waliokosa vigezo, aliona uvivu kuandika jingine, na neno lenyewe, kidole chake kinagusa kioo, ni hili, sale. Sale. Neno la kwenye vibao vya maduka ya vinyago hapo barabarani, la bei kushushwa, na Namelok hotuba ameshaipanga kooni, ubaguzi, ardhi, dharau, na adui hayupo... kuna herufi nne tu, na Isaya ambaye kwake huko kwao Namelok kote ni Ngorongoro, basi, hajawahi kuwaza kwamba kuna watu wanatoka Sale, na hilo linamchoma Namelok kuliko chuki, maana chuki ingekuwa imewaona kwanza, wangapi wameambiwa samahani, wangapi wamejikagua usiku kucha kama Nasha wakitafuta kasoro yao, na maombi yanafungwa leo jioni, Mwalimu bado anauliza kule mbele, else, yaani sharti lisipokuwa kweli, inakwenda wapi, karanga bado ziko mkononi mwa Isaya, hajaelewa, anauliza vipi shemeji, mbona umepauka...

“Isaya,” anasema, taratibu, “kwetu ni Sale. Toa hilo neno sasa hivi, halafu mpigie mdogo wangu, umwambie wewe mwenyewe aombe tena.”