Kiegemeo cha Fundi wa Breki

Mshale ulipomponyoka fundi wa breki msimu uliopita, ulichomeka kwenye mti, shibiri moja kutoka begani kwa kaka yake. Kaka aliutazama mshale ulivyokuwa ukitikisika, akamtazama mdogo wake, kisha akateremka kilima bila kuaga. Tangu siku hiyo neno lake likawa moja: kuwinda basi.

Na neno lake lilikuwa na uzito. Yeye ndiye aliyeongoza kikundi cha wawindaji waliopewa kibali cha kupunguza nguruwe pori, waliokuwa wakifukua mashamba ya viazi pembezoni mwa mji. Asipokuandika kwenye orodha, huendi.

Fundi hakubisha kwamba kosa lilikuwa lake. Mwaka mmoja kabla, jeki iliteleza gereji, gari likamshukia mkono wa kushoto. Vidole viwili vya mwisho vilikatwa; vitatu vilivyobaki vilipona, ila vilibaki na mtetemo usiokwisha. Gereji alikwisha kuuzoea. Alishika spana kwa namna yake na kazi ikaenda. Lakini upinde hushikwa kwa mkono huohuo, na mshale wake ulikuwa unalala juu ya kiegemeo, kijiulimi cha plastiki kilichobandikwa kwa gundi ubavuni mwa upinde. Mkono ukitetema, mshale unaruka kutoka kwenye kijiulimi. Alikaa na upinde jikoni wiki nzima, akiuvuta na kuulegeza polepole bila kuuachia, mpaka akajua pasipo shaka ni wapi mshale unapoangukia.

"Breki ikishindwa, hatulitupi gari," alimwambia kaka yake kwenye simu. "Nitabadilisha kiegemeo."

"Badilisha na mchezo," kaka akajibu, akakata.

Jumatatu akafunga gereji mapema, akatia upinde na mishale mitatu kwenye mfuko, akaenda kwenye duka la vifaa vya kuvulia na kuwindia. Mwenye duka waliyemwita Miwani, kwa kuwa alivaa moja machoni na kuning'iniza nyingine shingoni, alikuwa akipanga ndoana kwenye visanduku. Alipomwona, akaanza kupanga zilizokwisha kupangwa.

"Nataka kiegemeo cha mshale," fundi alisema.

"Vimeisha, dada."

"Na vile vilivyo ukutani nyuma yako?"

Miwani akageuka, kana kwamba ukuta ule umejengwa leo. "Vile... vina wenyewe."

Fundi akauweka upinde juu ya kaunta. "Kaka yangu amekupigia."

Mwenye duka akavua miwani, akaipangusa na shati. "Amepiga jana. Kasema ukija nisikuuzie kitu. Dada, mimi sitaki kuingia kati ya watu wa tumbo moja."

"Hujaingia. Uko nyuma ya kaunta yako na mimi niko mbele yake. Una duka lako, au unamlindia kaka yangu mlango?"

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua kamba akacheka puani. Miwani akasikia. Akavaa miwani yake na kuanza kushusha vifaa ukutani kimoja kimoja.

Cha kwanza kilikuwa cha bei ya juu, chenye mkono mdogo wa chuma uliofungwa kwa uzi kwenye nyaya za upinde. Ukivuta, mkono unanyanyuka na mshale. Ukiachia, unaanguka upesi kuupisha mshale bila kuugusa. "Mabingwa wote wanatumia hiki," Miwani alisema. "Hata kaka yako."

Fundi akakifunga kwa bisibisi yake mwenyewe, akaweka mshale, akanyoosha mkono wa kushoto. Vidole vikatetema. Kabla hata hajavuta, mshale ukabingirika, ukaanguka kwenye kaunta. Akaurudisha. Ukaanguka tena. Akakigeuza kile kifaa, akakihesabia springi, skrubu na ule uzi mwembamba.

"Kizuri kwa mwenye mkono uliotulia," akasema. "Lete kingine."

Cha pili kilikuwa duara lililojaa nywele ngumu kama za brashi, zote zimeelekea katikati, na tundu dogo la kupitisha mshale. Fundi akazibonyeza nywele za chini kwa kidole gumba. Zikalala, zikachelewa kuinuka.

"Hizi zitachoka kwa siku mbili. Mshale utakuwa unazama. Huna ngumu zaidi?"

Miwani akapanda ngazi. Alichoshuka nacho kilikuwa na vumbi, duara la namna ileile, ila nywele za chini zilikuwa nene na fupi. Fundi akazibonyeza, zikamsukuma kidole. Akakifunga, akapitisha mshale, akanyoosha mkono. Vidole vikatetema vilivyotaka. Akauinamisha upinde. Akaupindua kabisa, juu chini, akautikisa. Mshale ukakaa.

"Kina kasoro," Miwani akasema, na sasa alikuwa amesahau kupigiwa simu; alikuwa mtu wa vifaa akizungumza na mtu wa vifaa. "Nywele zinakwaruza mkia wa mshale. Unapoteza kasi kidogo, na ukipiga mbali mishale inatawanyika. Tena manyoya yatanyofoka. Tumia mikia ya plastiki, mifupi."

"Nipe na hiyo mikia. Kwa mbali sitapiga."

"Na kaka yako nimwambie nini?"

"Mwambie nimelipa."

Jumamosi kikundi kilikutana uwanjani kujaribiwa kabla ya msimu. Kaka alikuwa na orodha kwenye ubao wa kuandikia. Alipomwona dada yake akipanga foleni na wanaume wale, mishipa ya shingo ikamsimama.

"Nimekwambia nini, mdogo wangu?"

"Umeniambia niache. Nimekusikia. Sasa nijaribu kama unavyowajaribu wenzangu."

"Mshale wako ulitaka kuniua!" Sauti ilimkatika. Fundi akaona kwa mara ya kwanza kwamba hasira ile yote ilikuwa woga, na ikamuuma. Hata hivyo hakutoka kwenye foleni.

"Ndiyo. Na sijalala vizuri tangu siku hiyo," akasema. "Ndiyo maana sikuja na maneno. Nimekuja na hiki. Kishike, ukitikise unavyojua wewe."

Kaka akauchukua upinde. Akautikisa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Akaupindua, akaupiga kofi ubavuni. Mshale haukutoka. Akamrudishia bila kumtazama.

"Utatembea nao mpaka kwenye vigingi vya kupigia juu ya kilima kile, umeweka mshale, unapanda, unapiga magoti, unapiga. Mara kumi."

Wengine walipimwa mara tatu. Fundi hakulalamika. Alipanda na kushuka mara kumi, jasho likimwingia machoni, mkono ukitetema tangu mara ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuna mshale ulioanguka. Kwenye hatua ishirini, mishale minane iliingia kwenye duara la shabaha. Kaka akataka apige hatua arobaini.

"Hapana."

"Wenzako wote wanapiga arobaini."

"Wenzangu wana vidole kumi. Mimi nguruwe akiwa mbali namwacha apite. Andika hivyo: hatua ishirini, basi. Lakini andika."

Kaka akashuka na kalamu yake hadi mwisho wa orodha. Kisha akaandika.

Msimu ulipoanza, siku mbili za mwanzo fundi hakupiga kitu. Mara moja nguruwe mkubwa alisimama hatua thelathini mbele yake, amegeuza ubavu, naye akauteremsha upinde akamwangalia akiondoka. Wenzake wakamtania hadi jioni. Siku ya tatu, dume moja likatoka kwenye viazi na kuja moja kwa moja, hatua kumi na mbili. Vidole vilitetema, mshale ulikaa. Akauachia.

Kaka ndiye aliyefika wa kwanza kwenye mzoga, akifuatwa na mwindaji mgeni kutoka kikundi jirani.

"Nani kapiga?" mgeni akauliza. Kaka akamwonyesha kwa kidevu. Mgeni akatazama ule mkono. "Kwa mkono huo?"

"Kwa mkono huuhuu," fundi akasema, akainama na kukamata miguu ya mbele. "Kaka, shika huko nyuma. Mzigo huu haujibebi."

Kaka akashika.