Betri ya Mwalimu Josia

Mwalimu Josia alikuwa amemsubiri Zuhura tangu akiwa kijana wa chuo cha ualimu, na sasa zilibaki siku mbili tu. Jumanne ya tarehe nane Juni, mwaka 2004, sayari hiyo ingepita mbele ya jua kama kidoa cheusi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Mara nyingine ingekuwa baada ya miaka minane.

"Miaka minane mimi sina, mayu," alimwambia binti yake Veronica, na wala hakusema kwa kujihurumia. Moyo wake ulikuwa umetanuka, daktari alishasema. Hata kutoka kitandani hadi uani alishikwa mkono.

Veronica alikuwa na kibanda cha kuchapa barua mjini Bariadi. Miaka ile ya soko huria kila mtumba ulifika, hadi kompyuta. Alikuja nyumbani Migato na kompyuta ya mapajani ambayo betri yake ya ndani ilishakufa zamani, na kamera ndogo ya USB ya kuchomeka kwenye darubini pale mtu anapoweka jicho. Darubini yenyewe mzee aliachiwa na padre mmoja aliyehama. Kuiinamia hakuweza tena, na macho yalikuwa na ukungu. Lakini picha ikikuzwa kwenye kioo cha kompyuta, akiwa amekaa kitini na miwani yake, angeona. Hicho tu ndicho alichokitaka duniani, amwone Zuhura kwa macho yake.

Shida ilikuwa umeme. Nguzo zilikuwa hazijafika Migato. Jumapili mchana baba na binti walikaa na daftari wakabishana weee! Jenereta mzee aliikataa, eti itaitetemesha darubini, na kelele yake utadhani wanakoboa mpunga. Basi ikawa betri ya gari na inveta ya kuugeuza umeme wake uwe kama wa nguzo. Walaji walikuwa watatu: mota ya kuizungusha darubini ifuate jua, kompyuta, na kisanduku cha matundu manne ya USB cha kuunganishia nyaya zote. Veronica alitaka kisanduku kinyonye umeme wa kompyuta.

"Kamera na mota vinyonye tundu moja?" mzee akafoka. "Kamera itazimika katikati. Kipe kisanduku umeme wake."

Alikuwa sahihi, mzee mbishi yule. Wakapiga hesabu: betri ikijaa, saa saba bila wasiwasi.

Jioni akaja jirani yao Mhoja. Mama yake alikuwa amefariki. Hakuomba hata, alisema tu kwamba kwaya imekuja na spika na hakuna cha kuziwasha. Veronica alimtazama baba yake akitamani akatae. Lakini jamani, msiba! Nani Migato amewahi kunyima kitu msibani? Sufuria lako la mwisho unalitoa, na hulidai mpaka watu watawanyike.

"Chukua," alisema Josia. "Uirudishe kesho imejaa."

Kesho yake mazishi yakachelewa. Betri ilirudi Jumanne alfajiri, imefungwa nyuma ya baiskeli, na Mhoja macho mekundu. "Mwalimu, nisamehe. Sikupata nafasi ya kuichaji." Ungemgombeza vipi mtu aliyemzika mama yake jana?

Veronica aliipima, akakuta robo. Akaanza kupunguza walaji. Mota akaitoa, angeisukuma darubini kwa mkono, akifuata kivuli chake ardhini. Kisanduku nacho akakitoa, kamera akaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Kikabaki kioo, na kioo ndicho mlafi mkubwa.

Saa mbili na robo alikifunua. Zuhura huyo, anauma ukingo wa jua! "Baba, tazama!"

Mzee akainama mbele, akapapasa kifuani. Miwani ilikuwa ndani. Mkewe Nyanjige akakimbia kuifuata, na kabla hajatoka, inveta ikaanza kulia, kuonya kwamba betri inaelemewa. Veronica akashtuka, akakifunika kioo. Kompyuta ikaendelea kufanya kazi ndani kwa ndani, ikihifadhi picha moja kila dakika. Inveta ikanyamaza.

Mama akafika na miwani, akamvisha mumewe. Mzee akakaa nayo usoni, ameelekea kifuniko cheusi.

"Fungua kidogo tu, mayu."

"Baba, nikifungua tutapoteza zote. Vumilia. Zikishahifadhiwa utaziangalia hata mwezi mzima."

Mzee hakubisha. Yeye, aliyebishana na kila mtu! Alifumba macho akaligeuzia jua uso. "Basi angalau nasikia joto lake," alisema.

Saa nne na nusu na ushei betri ikafa, ikiwa imeacha picha mia moja na arobaini ndani ya kompyuta. Mhoja, kwa aibu, aliibeba mchana uleule kwenda kuichaji kwenye mashine ya kusaga ya Lagangabilili. Kuijaza kulihitaji siku mbili. Jioni zote mbili mzee aliuliza kama baiskeli imeonekana.

Alhamisi alfajiri Mwalimu Josia akafariki.

Mhoja aliwasili saa nne akipiga kengele kwa furaha, akakuta watu wamekaa mikekani. Alisimama na baiskeli yake, hajui ashushe au arudi nayo. "Alisema niirudishe imejaa," alimwambia Veronica, na machozi yakamshuka.

Veronica alilia mpaka akashikwa. Alijilaumu waziwazi mbele ya watu: dakika moja tu, angemfungulia dakika moja tu! Picha mia moja na arobaini, ni za nini sasa?

Ni mama yake aliyemwambia aunganishe kompyuta na betri. Waombolezaji wakakusanyika, na wanafunzi wa zamani wa mwalimu, wengine wenye mvi, wakapita mmojammoja kukitazama kile kidoa. Nyanjige akaja mwisho. Alikuwa na macho mazima, hajawahi kuvaa miwani. Akaitoa ya mumewe kwenye kanga, akaivaa, akasogea karibu kabisa.

"Ngoja nimwangalizie," alisema.

Veronica akaongeza mwanga wa kioo mpaka mwisho, akauacha hivyohivyo hadi betri ilipokwisha.