Miche Nusu na Mimba ya Binti Yangu

Fundi cherehani wa mtaani kwetu ndiye aliyenipa maneno haya, pini zikiwa mdomoni. Alisema wasichana wa kituo cha mbegu, kule wanakotengeneza mahindi nusu, watakuja kuzaa watoto nusu. Nikamuuliza mtoto nusu ndiye yukoje. Akatoa pini, akafikiri.

"Sijui, mama mwenzangu. Labda wa upande mmoja."

Wateja wakacheka, na mimi nikacheka, nikachukua gauni langu nikaondoka. Lakini maneno yale yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Binti yangu anafanya kazi kituo hicho, na alikuwa na mimba changa. Tulioijua tulikuwa yeye, mumewe ambaye ni dereva wa lori, na mimi.

Shule yangu iliishia ya msingi. Kwa hiyo wewe mzazi mwenzangu unayesoma, nakueleza kama nilivyoelezwa.

Siku ile ile nilimuuliza binti yangu tukiwa jikoni. Hakukasirika. Alitoa punje za mahindi kwenye mfuko wa koti lake la kazi, akazipanga juu ya kifuniko cha sufuria.

"Hindi la kawaida linachukua nusu kwa mama yake, nusu kwa baba yake," alisema. "Sawa? Sasa sisi tuna hindi dume moja lina kasoro. Chavua yake inaiamsha mbegu, lakini kwenye punje chache baba haachi kitu. Inabaki nusu ya mama peke yake. Hii hapa. Kichwani ina zambarau kama wenzake, ila kiini chake cheupe. Hii nyingine kiini nacho kina zambarau, basi hiyo baba yake yumo, hatuitaki."

"Maskini, baba wa watu," nikasema.

"Mama."

"Haya, endelea."

"Hiyo nusu ukiipanda inatoka nyembamba, dhaifu, haizai. Kwa hiyo ikichipua tu tunailoweka kwenye dawa. Dawa inaifanya ile nusu ijirudie, ziwe nusu mbili zinazofanana, mmea unakuwa kamili. Na ukipona, watoto wake wote wanatoka kama yeye, hakuna wa kwenda kivyake. Zamani watafiti walihangaika misimu na misimu kupata kitu kama hicho. Kwa hiyo hayo mambo ya watoto nusu, mwambie fundi ashone nguo."

Nikaridhika na mahindi. Ila kuna neno moja liligoma kutoka.

"Hiyo dawa inayougeuza mche ndani kwa ndani, nani anaishika?"

"Mimi," akasema. "Navaa glavu. Kuna kabati la kioo lina feni, linanyonya hewa yote linaipeleka nje."

"Na mwenye mimba?"

Akazikusanya punje zake. "Mwenye mimba haruhusiwi. Na akitolewa chumba cha dawa haitwi tena msimu ukianza upya. Wapo wawili walitolewa, hatujawaona mpaka leo. Ni mimi nalisha nyumba lori likiharibika, mama. Tuyaache."

Kwa hiyo nikayaacha, kwa mdomo.

Kuna asubuhi alisahau simu mezani, nikampelekea. Mlinzi ananijua, akanipitisha, akaniambia kwa utani nisile mahindi ya watu. Chumba cha dawa kina dirisha kubwa la kioo upande wa ukumbi. Nilipofika umeme ulikuwa umekatika. Taa zimezimika, na lile kabati alilonisifia lilikuwa kimya, mlango wake wa kioo umepandishwa juu. Binti yangu alikuwa ameinama mbele yake, anatoa miche kwenye trei ya dawa na kuitia kwenye maji, mmoja mmoja, kama anayeogesha vifaranga. Jasho lilikuwa linamtiririka. Akajipangusa paji la uso kwa mkono, sehemu ile glavu inapoishia.

Nikagonga kioo. Akatoka, barakoa shingoni.

"Feni haizunguki," nikamwambia.

"Najua."

"Basi toka humo mpaka umeme urudi."

"Miche iko kwenye dawa tangu jana, mama. Muda wake umefika. Ikizidi hapo inakufa yote, na hata ikiwahiwa mingi inakufa. Nani ataiosha? Tuko wawili, na mwenzangu anaumwa." Alikuwa anaongea huku anatazama trei. Nililifahamu jicho lile. Ndivyo nilivyokuwa namtazama yeye akiwa na homa.

Akarudi ndani, nami nikaenda kwa msimamizi, mwanamama msomi, mpole, wafanyakazi wanamwita Mama Miwani. Njiani nilipanga niulize bila kumtaja mtu.

"Samahani, dada. Kazi hii ina madhara gani kwa mwanamke?"

Akatabasamu kabla sijamaliza. "Na wewe mama yangu? Watoto nusu?" Akamwita karani wa chumba cha pili. "Njoo usikie, wamefika hadi hapa." Wakacheka, bila ubaya. Akanivutia kiti, akaanza kunieleza habari ya hindi dume, ya kiini cheupe, na kwamba mbegu haimwambukizi mtu kitu. Yote nilikuwa nayajua. Nilingoja amalize kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Siulizi mahindi," nikasema. "Nauliza dawa."

Tabasamu likapungua. "Dawa ni sumu, ndiyo maana ina taratibu. Feni isipozunguka kazi inasimama. Mjamzito haingii kabisa." Akanitazama vizuri. "Kwani kuna mjamzito?"

Mlango ulikuwa wazi. Kule ng'ambo ya ukumbi binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya kioo, trei mkononi, ananitazama. Akatikisa kichwa mara moja tu. Mimba ni yake, kazi ni yake, na yeye ni mtoto wangu. Nikatazama simu yake, ambayo bado nilikuwa nimeishika. Umeme ukarudi, feni zikaanza kunguruma, simu ya msimamizi ikalia, akaipokea. Nikaweka simu ya binti yangu kwenye meza ya karani nikaenda zangu.

Tumbo lilipoonekana binti yangu alikwenda kusema mwenyewe. Mama Miwani alivua miwani, kisha akamhamishia siku hiyo hiyo kwenye kuchambua punje, mshahara ule ule. Binti yangu akamuuliza habari za wale wawili ambao hawakuitwa. Mmoja alihama na mume wake. Mwingine yuko ghala la pili, anafunga mifuko. Huyu mtoto wangu aliyemcheka fundi cherehani alikuwa na uvumi wake mwenyewe, na huo hakuwa ameuulizia mpaka siku hiyo.

Kliniki tulikwenda pamoja. Muuguzi akauliza ni kiasi gani cha dawa, ni cha kuvuta au cha kugusa, na ni mwezi gani wa mimba. Hatukuwa na jibu hata moja. Daktari akatuonyesha moyo unavyopiga kwenye picha. Akasema huenda hakuna kitu, wengi hawapati kitu, na huenda kipo, mengine tutayaona akizaliwa. Nikamwomba atazame tena. Akatazama tena.

Sasa tunangoja. Binti yangu anakaa kitandani, mikono juu ya tumbo. Juzi aliniuliza, "Mama, siku ile ungesema, ningekusamehe?" Nikamwambia sijui. Hata yeye hajui.

Binti wa kazi za dawa, au anayemuulizia, asifanye haya:

Asipeleke swali la kweli likiwa limefungwa pamoja na uvumi. Watacheka uvumi na swali litapotea.

Asiseme "kazi ina madhara gani". Aseme dawa, kwa jina lake.

Asiendelee kushika dawa feni ikiwa imezimika, hata kama miche inakufa.

Asijipanguse uso kwa mkono wenye glavu, wala karibu na glavu.

Asirudi nyumbani na koti la kazi, na punje zisiwekwe jikoni.

Asifiche mimba kwa sababu ya habari za watu wawili ambao hajawauliza.

Na mama yake asinyamaze kwa sababu ametikisiwa kichwa.